Kosa Lisiloonekana, ni Kosa?

Wazee walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hilo ni kweli, nanyi mnalijua. Lakini leo nataka kuwauliza swali la upande wa pili. Mtu aliyekitengeneza kitanda, akajua vizuri kwamba ndani ya mbao mna kunguni, akakipiga rangi, akakutandikia shuka nyeupe, akakuambia: «Lala salama», mtu huyo tumwite nani? Na kama usiku ule kunguni hawakutoka, je, hakufanya kosa?

Wengi hujibu upesi: «Kazi huhukumiwa kwa macho. Lisiloonekana halipo.» Mimi nami niliwaza hivyo nilipokuwa kijana. Jambo lililonigeuza ni dogo sana, na pengine mtacheka: ni mashini ya gari la moshi yenye urefu wa sentimita 10.

*Sanduku lililotoka Uingereza*

Mwaka 2006 nilikuwa kijana wa miaka 15. Misioni yetu ilikuwa karibu na reli, na katika atelie yake alikuwako Furere mmoja mzee, mtu wa kusini mwa Uingereza, aliyefundisha vijana kazi ya chuma na ya mbao. Umri wake ulikuwa umepita miaka 75. Siku moja alipokea sanduku la karatasi ngumu kutoka kwa dada yake, si kubwa kupita kitabu cha nyimbo. Aliponiita nilidhani nitaona kigari cha kuchezea. Kumbe, ndani hamkuwa na gari. Mlikuwa na mabamba membamba ya metali, vipande vichache vya kumiminwa, magurudumu sita, mota ndogo ya umeme na karatasi za maelezo. Gari lenyewe lilikuwa bado linangoja mikono.

Niwaeleze namna mabamba yale yanavyofanyizwa, maana ni akili ya ajabu. Hayakatwi kwa mkasi wala kwa msumeno. Kwanza mtu huchora kila kipande; zamani alichora kwa wino, tena kwa ukubwa kupita kipimo, ili makosa ya mkono yapungue picha ilipopunguzwa; siku hizi huchora kwa kompyuta. Kisha bamba la metali hupakwa dawa inayobadilika kwa nuru. Picha ya mchoro huwekwa juu yake, bamba likaangaziwa, na dawa isiyotakiwa huoshwa ikatoka. Halafu bamba hutiwa katika maji makali ya kloridi ya chuma, nayo hula metali mahali pote pasipofunikwa. Yakila kutoka pande zote mbili, bamba hutoboka. Yakila upande mmoja tu, hufika nusu ya unene, na hapo hupatikana mstari wa kukunjia, au kitone cha kusukuma kwa nyuma ili kionekane kama kichwa cha ribiti. Unene wa mabamba hayo kwa desturi ni robo ya milimita mpaka karibu na nusu ya milimita. Vipande vyote hubaki vimeshikwa na vijishikio vidogo, kama ndizi katika mkungu, na fundi huvikata kimoja kimoja.

Mabamba mengine yalikuwa ya shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Sisi watu wa Katanga hatuwezi kuitazama metali hiyo kama wageni. Babu zetu waliyeyusha shaba wakaimimina kuwa misalaba, nayo ilitumika kama fedha katika biashara. Na shimo la Kipushi limetoa shaba na zinki pamoja. Mabamba mengine yalikuwa meupe. Furere aliniambia jina lake ni «fedha ya nikeli». Nikastaajabu: «Furere, hii yote ni fedha?» Akacheka sana. «Mwanangu, ndani yake hamna hata chembe ya fedha. Ni shaba, nikeli na zinki. Jina ni la uongo, lakini halimdanganyi mtu, kwa sababu kila fundi anajua.» Mshike neno hilo, ndugu wasomaji, maana nitalirudia.

*Mashini yenyewe*

Vipande vile vilikuwa mfano wa mashini iliyotengenezwa kweli katika mji wa Brighton. Mkuu wa kazi hiyo aliitwa William Stroudley. Tangu mwaka 1872 mpaka 1880 zilijengwa mashini 50 za namna hiyo, ndogo, zenye magurudumu sita, za kuvuta magari ya abiria katika vitongoji vya London. Watu waliziita «Terrier», ndilo jina la mbwa mdogo mwenye kubweka, kwa sababu ya sauti ya mvuke wake. Stroudley alizipiga rangi aliyoiita «kijani bora cha mashini», lakini rangi ile haikuwa kijani hata kidogo, ilikuwa ya manjano kama udongo wa ngeu. Jina jingine lisilo la kweli! Tena alikuwa na desturi nzuri: kila mashini alimpa mwendeshaji mmoja, na jina la mwendeshaji liliandikwa kwa rangi ndani, pale aliposimama kufanya kazi. Mtu ambaye jina lake limeandikwa ukutani haachi chombo chake kichafu.

Mashini zile zilidumu kuliko zilivyotazamiwa. Uzito wake haukufika tani 30. Basi zilifaa katika njia ya Hayling Island, ambako daraja la mbao la Langstone halikuweza kubeba mashini nzito. Zilivuka daraja lile mpaka njia ilipofungwa Novemba 1963. Kati ya zile 50, kumi zimehifadhiwa hata leo. Moja, jina lake Boxhill, imo katika jumba la makumbusho ya reli la York. Nyingine, Stepney, ilinunuliwa mwaka 1960 na watu wa Bluebell, waliofufua njia ya reli kwa kazi ya kujitolea.

Baba yake Furere alikuwa mtia-makaa katika njia ya Hayling. Sasa mnaelewa kwa nini mzee yule hakuliona sanduku kuwa mchezo wa watoto. Alitaka kuijenga mashini ya baba yake, kisha ampelekee dada yake aiweke karibu na picha ya baba yao.

*Kazi isiyosamehe haraka*

Mikono ya Furere ilikuwa imeanza kutetemeka, na macho yake hayakuona vizuri vitu vya karibu. Kwa hiyo aliniita nimshikie vipande, na baadaye akanifundisha kulehemu mwenyewe.

Kwanza tulijenga kiunzi cha chini, yaani mabamba mawili marefu yanayoshika magurudumu. Mabamba hayo lazima yasimame sawasawa. Likipinda moja kwa unene wa ukucha, mashini hupepesuka au hutoka relini. Kisha zilifuata fimbo zinazounganisha magurudumu. Umbali wa matundu ya fimbo na umbali wa mihimili ya magurudumu lazima ulingane kabisa. Furere hakupima kwa rula. Alitumia fimbo zenyewe kuwa kipimo. Tena magurudumu ya upande mmoja hutangulia yale ya upande wa pili kwa robo ya duara. Katika mashini kubwa sababu yake ni hii: pistoni moja ikifika mwisho wa mwendo wake, ambapo haina nguvu ya kuzungusha, ya pili iwe katikati ya nguvu zake. Katika mashini ndogo mota huzungusha, haina haja ya pistoni. Lakini robo ile isipokuwa sawa kwa mihimili yote mitatu, fimbo hukwama na mashini huchechemea.

Lehemu nazo zina taratibu. Lehemu ya bati na risasi ya namna moja huyeyuka kwa digri 188. Nyingine huyeyuka kwa digri 145. Nyingine tena, ya kushikiza vipande vya kumiminwa vilivyo laini, huyeyuka kwa digri 70 tu. Fundi huanza na ile inayotaka moto mkali, kisha hushuka, ili kiungo cha pili kisiyeyushe cha kwanza. Na kabla ya kulehemu hupaka maji ya asidi, yanayoisafisha metali ili lehemu ipate kutambaa. Bila asidi, lehemu huviringana kama tone la maji juu ya jani la ndizi.

Lakini asidi ile ni mtumishi ambaye sharti aondolewe baada ya kazi. Kila jioni Furere aliosha kazi kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani. Aliniambia mara nyingi: «Asidi hailali. Ukiiacha ndani, itaendelea na kazi baada ya wewe kumaliza yako.»

*Kosa langu*

Jioni moja Furere alikwenda kulala mapema kwa sababu ya homa. Aliniachia kazi ya kufunga matangi ya maji, yaani visanduku viwili vilivyo ubavuni mwa mashini. Nilipaswa kulehemu sakafu ya kila tangi, lakini kwanza kuosha ndani yake, kwa sababu tangi likishafungwa, mswaki hauingii tena. Umeme wa mtaa ule ulikuwa ukikatika kila jioni, nami nilijua chuma cha kulehemu kingepoa wakati wowote. Nje wenzangu walinipigia mbinja twende kutazama mpira. Kuchemsha maji kungechukua nusu saa. Nikatazama ndani ya tangi: asidi ililowa pembeni, haba kabisa. Nikasema moyoni: Nani ataona? Nikafunga. Lehemu ilitambaa vizuri, mstari mwembamba, wa kupendeza. Nikaosha nje, nikaenda mpirani.

Kesho yake Furere alikitazama kiungo kwa kioo cha kukuzia. Akasema: «Kazi safi.» Nikanyamaza. Akauliza: «Uliosha ndani?» Nikajibu: «Ndiyo, Furere.» Basi, hapo ndipo uvivu wa jioni ulipogeuka uongo wa asubuhi.

Mashini ilikwisha, ikapigwa rangi yake ya ngeu. Jumapili Furere aliitembeza juu ya reli fupi mezani, na wazee wa misioni walikuja kuitazama. Tulingoja tu mtu wa safari wa kuipeleka Uingereza. Miezi ikapita, masika yakaja na unyevu wake. Siku moja nilimkuta Furere ameketi, mashini mkononi. Chini ya tangi la kuume, kandokando ya kiungo, rangi ilikuwa imeumuka kama ngozi iliyoungua, na ukungu wa kijani ulitoka chini yake.

Nilingoja anikemee. Hakunikemea. Alisema polepole: «Nimezeeka, mwanangu. Kumbe nilitia asidi tena siku ile nilipoyanyosha matangi, nikasahau kuosha. Nakumbuka wewe uliosha. Kichwa changu hakinifai tena, wala mikono.»

Nikanyamaza mara ya pili. Siku tatu baadaye aliniita akanipa sanduku lake la zana: chuma cha kulehemu, tupa ndogo, koleo, vyote alivyokuwa navyo tangu ujana. «Chukua», akasema. «Kwangu kazi hii imekwisha.»

Wasomaji wapenzi, nilipata mshahara wa uongo wangu. Nilikuwa nimezitamani zana zile kwa mwaka mzima. Nilizibeba nyumbani, nikaziweka chini ya kitanda, na kwa wiki mbili sikuweza kuzifungua.

*Tutafute sababu*

Sasa tulitazame swali letu kwa utaratibu. Kosa lilikuwa wapi?

Mtu wa kwanza atasema: «Kosa liko wazi. Asidi ilitoka, rangi ikaharibika. Vitu havidanganywi, siku moja hutoa ushuhuda.» Jibu hilo lina ukweli, nami nimeona matofali mabichi katikati ya ukuta yakimfunua mwenye kuyachoma. Lakini halitoshi. Je, kama asidi ile isingetoka kamwe? Kama Furere angeipeleka mashini Uingereza, na dada yake angekufa kabla ya ukungu kuonekana? Tukisema kosa ni baya kwa sababu litafunuliwa, tunamfundisha mtu kuficha vizuri zaidi. Mwizi hodari, asiyekamatwa, angekuwa mtu mwema! Basi ubaya wa kosa haungoji kufunuliwa.

Mtu wa pili atasema: «Ni kitu cha kuchezea. Hakibebi mtu, hakivuki daraja. Kisipokuwa sawa, nani ameumia?» Huyu tumjibu kwa fundisho la zamani. Aristotele, katika kitabu cha sita cha Maadili kwa Nikomako, alitenga mambo mawili: kutengeneza na kutenda. Mwenye kutengeneza hutazama kitu kitakachotoka mikononi mwake. Mwenye kutenda hutazama tendo lenyewe, liwe jema au baya. Tena alionyesha tofauti ya kushangaza, naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfuata. Katika ufundi, anayekosea kwa kusudi ni bora kuliko anayekosea bila kutaka: fundi anayepinda chuma akijua, angali fundi, yule ambaye chuma kinampindia hajawa fundi. Lakini katika matendo ni kinyume: anayekosea kwa kusudi ni mbaya zaidi kuliko aliyekosea bila kujua.

Pimeni tendo langu kwa mizani hiyo. Kama nisingejua kuosha, ningekuwa fundi mbovu na kijana asiye na lawama. Lakini nilijua. Kiungo changu kilisifiwa. Kama fundi nilisimama vizuri. Nilianguka upande wa pili, upande wa kutenda. Na upande huo hauulizi kama kitu ni kidogo au kikubwa. Mashini ya sentimita 10 na daraja la mita 100 hutofautiana kwa hasara zitakazotokea, nazo si jambo dogo. Lakini neno «ndiyo, niliosha» lina urefu uleule katika vyote viwili.

Mtu wa tatu ni mwerevu kuliko wote. Atasema: «Mbona kazi yote ile ni ya uongo? Fedha isiyo fedha, kijani kisicho kijani, mashini isiyo na moto wala mvuke. Katika uongo mwingi hivyo, wako mmoja ni nini?»

Swali hili ni zuri, na linatupeleka kwenye kiini. Niwape mfano mkubwa zaidi wa kazi hiyohiyo. Reli za Uingereza zina upana wa milimita 1435. Katika kipimo cha milimita 4 kwa kila futi, ambacho Waingereza wengi hukitumia, upana wa mfano ungekuwa milimita 18.83. Lakini reli nyingi za mifano hiyo zina milimita 16.5 tu. Ni nyembamba mno. Ukizikuza, zitakuwa reli za milimita 1257. Sababu yake ni historia: mashini za Uingereza ni ndogo kuliko za bara la Ulaya, na mota za wakati ule zilikuwa kubwa, hazikuenea ndani. Basi watengenezaji walikuza mwili wa mashini wakaacha reli vilevile. Baadaye watu wengine hawakuridhika, wakajitungia kanuni za milimita 18.83 kamili, ingawa hutaka uvumilivu mkubwa. Mashini ya Furere ilikuwa ya milimita 16.5.

Je, wale wa 16.5 ni waongo, na wale wa 18.83 ni wakweli? Sivyo. Upana ule hauwi siri. Anayenunua anajua, anayeuza anajua, na mwenye kutaka kipimo kamili anajua mahali pa kukitafuta. Ni upungufu uliokubaliwa mchana. Vivyo hivyo kuhusu fimbo za ndani zisizoonekana chini ya boila: fundi mmoja hukesha akizitengeneza zote, mwingine huziacha. Huyu wa pili hakukosa neno, mradi asiseme zimo. Kitu kinyonge si kitu cha uongo. Maskini anayejenga kwa udongo, akasema ni udongo, amejenga kwa kweli. Tajiri anayejenga kwa udongo, akaupaka saruji juu, akauza kwa bei ya saruji, amesema uongo kwa mikono yake.

Basi tumekaribia jibu. Kosa lililofichwa huwa uongo pale linapofichwa kwa mtu anayelitegemea neno letu, mwenye haki ya kulijua. Furere aliegemea kazi yangu kama mtu anavyoegemea ukuta. Hakuweza kuona ndani ya tangi. Mlango pekee wa kuingilia mle ulikuwa ulimi wangu. Nami niliufunga mlango ule kama nilivyofunga tangi.

*Kosa halikai mahali pake*

Liko jambo jingine ambalo vitabu havikunifundisha. Nilijifunza kwa uso wa mzee yule. Kosa lililofichwa halibaki bila mwenyewe. Mwenyewe asipojitokeza, hutafuta mtu mwingine wa kulibeba, na mara nyingi humpata yule aliye mnyenyekevu zaidi. Furere hakunishtaki mimi, alijishtaki mwenyewe. Kwa ushahidi wa uongo nilioutoa, alijihukumu kuwa ameishiwa akili na mikono. Hasara kubwa haikuwa rangi iliyoumuka. Nilimnyang'anya mzee imani aliyokuwa nayo kwa mikono yake mwenyewe, naye akaniachia zana zake kama urithi.

Pengine mtaniambia: «Lakini kweli alikuwa mzee. Mikono ilitetemeka. Angeacha kazi hata hivyo baada ya mwaka mmoja au miwili. Kumfunulia kungekuwa kujitua mzigo tu na kumhuzunisha.» Nami niliwaza hayo, usiku, kitandani, zana zikiwa chini yangu. Lakini tazameni: mtu ana haki ya kuupima uzee wake kwa kipimo cha kweli. Kama siku ya kuacha ilikuwa karibu, ilikuwa juu yake kuitambua, si juu yangu kumletea kwa hila. Na huzuni ya kudanganywa na kijana ni nyepesi kuliko huzuni ya kudhani akili imekuacha.

Hata hivyo sisemi kwamba kila upungufu utangazwe sokoni. Mama akichemsha maharagwe yakaungua kidogo chini, hana haja ya kuwaita majirani. Hata katika mashini ile kulikuwa na makosa madogo mengi ambayo Furere na mimi tuliyajua na hatukumwambia mtu. Hakuna aliyeegemea juu yake. Kipimo si ukubwa wa kosa. Kipimo ni swali hili: Nani ameweka uzito wake hapa? Mwalimu anayemwandikia mtoto alama asizozipata, mzazi ameweka uzito hapo. Mfanyabiashara mwenye kopo lililobonyezwa chini, mama mwenye franka chache ameweka uzito hapo. Nami ninayefundisha watu wazima kusoma, nikimwambia mtu «sasa unajua» kabla hajajua, kesho ataletewa karatasi ya shamba lake aitie mkono, naye ataweka uzito wa watoto wake wote juu ya neno langu. Hao ndio wenye haki ya kuona ndani ya tangi.

*Leta maji ya moto*

Baada ya wiki mbili nilirudi atelie na sanduku la zana. Nililiweka mezani, nikamwambia Furere mambo yote: mpira, asidi, na ile «ndiyo» ya asubuhi. Alinyamaza muda mrefu. Nilisikia treni ya mizigo ikipita, nikahesabu mabehewa yake ili nisimtazame usoni.

Mwisho akauliza: «Kwa hiyo sikusahau?» Nikajibu: «Hapana, Furere. Hukusahau.» Akauliza tena: «Una hakika?» Nikasema: «Nina hakika. Ni mimi.»

Sikusifiwa kwa kusema kweli, wala sikustahili kusifiwa. Alilifungua sanduku, akatoa chuma cha kulehemu, akakishika kama mtu aliyemwona ndugu aliyedhaniwa amekufa. Kisha akasema: «Leta maji ya moto.»

Kazi ya kufungua ilikuwa mara tatu ya kazi ya kufunga. Tulikwangua rangi, tukayeyusha lehemu ya sakafu kwa hadhari ili viungo vingine visiachane, tukaosha, tukasugua, tukaosha tena. Ndani ya tangi metali ilikuwa imeliwa vishimo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Vishimo vile havikutoka. Tulifunga juu yake, safari hii pakiwa pakavu na safi. Rangi mpya haikulingana kabisa na ile ya zamani. Mwenye macho makali aliweza kuona mahali ilipoanzia. Furere alimwandikia dada yake barua ya kuisindikiza mashini, akamweleza kwamba tangi la kuume lilifunguliwa na kutengenezwa upya, na kwa nini. Aliniomba ruhusa kwanza. Nilikubali, ingawa haya zilinishika.

Mwaka 2009 alirudi kwao kwa ajili ya uzee. Siku ya kuondoka alinipa sanduku la zana mara ya pili. Mara hii nilipokea, na zimo nyumbani mwangu hata leo. Vijana wa mtaa huja kulehemu redio zao na sufuria za mama zao. Wakimaliza, huwauliza neno moja: «Umeosha ndani?» Wengine hujibu upesi, wengine hutazama chini. Anayetazama chini namletea maji ya moto.

Basi, wasomaji wapenzi, swali letu lilikuwa: kosa lisiloonekana, ni kosa? Jibu langu ni hili. Macho ya watu hayafanyi kosa kuwa kosa, wala giza halilifuti. Kila mmoja wetu amefunga tangi fulani, na anajua mwenyewe alichoacha ndani. Kama hakuna aliyeegemea hapo, aoshe kimya akiweza. Lakini kama yuko mtu aliyeegemea, na hasa kama mtu huyo ameanza kujilaumu kwa kosa lisilo lake, asingoje masika. Aende leo, angali anaweza kumkuta.